Jina kwa kuvu isiyoonekana: je, DNA peke yake inatosha?

Mwaka 2014 watafiti wawili wa Kew, bustani ya mimea iliyoko London, Bryn Dentinger na Laura Suz, walifungua pakiti ya uyoga mkavu wa porcini iliyonunuliwa London, wakapima DNA ya vipande 15. Walikuta spishi tatu za jenasi (kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu) ya Boletus, na hakuna hata moja iliyokuwa na jina la kisayansi. Uyoga huo ulikuwa umechumwa China, ukakaushwa, ukasafirishwa na kupita mikono mingi kabla sayansi haijautambua.

Kisa hiki hutolewa mara kwa mara kuonyesha nguvu ya DNA, na ni haki yake. Lakini kina upande mwingine ambao kwangu una uzito uleule: kulikuwa na kitu cha kushika. Anayeitilia shaka kazi ile ana vipande vya uyoga vya kurejea na kupima upya. Mgogoro unaowagawa wataalamu wa kuvu ni wa viumbe ambao hawana hata kipande. Ukichota udongo wa msituni na kusoma DNA iliyomo, unapata mifuatano (mipangilio ya herufi za DNA) mingi isiyolingana na spishi yoyote inayojulikana. Kuvu zipo humo, zinakula, zinazaliana. Hakuna aliyewahi kuziona. Je, zipewe majina?

Kwa kanuni ya sasa, hapana. Kanuni ya kimataifa ya majina ya mwani, kuvu na mimea inataka kila jina jipya la spishi lifungwe kwenye kielelezo rasmi, yaani uyoga uliokaushwa na kuhifadhiwa, kuvu iliyooteshwa maabara kisha ikazuiwa kukua, au katika hali chache mchoro. Mwaka 2016 David Hawksworth na wenzake walipendekeza kwamba mfuatano wa DNA nao ukubaliwe kuwa kielelezo. Mamia ya wanasayansi walitia saini hoja za kupinga. Suala hilo lilijadiliwa katika kongamano la dunia la wataalamu wa kuvu huko San Juan, Puerto Rico, mwaka 2018, na sharti la kielelezo likabaki palepale.

Wanaotaka sharti lilegezwe wanaanza na hesabu, na hesabu yao ni nzito. Spishi za kuvu zilizokwisha kupewa majina ni kama 150,000. Makadirio ya Hawksworth na Robert Lücking ya mwaka 2017 yanaweka idadi halisi kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8. Majina mapya yanayoongezwa kila mwaka ni elfu mbili na ushei. Kwa mwendo huo, hata kadirio la chini litahitaji karibu miaka elfu moja. Tena uyoga tunaouona ni tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi zilizotambaa ndani ya udongo au gogo, na kuvu nyingi hazitoi tunda kabisa. Kusubiri kielelezo cha kiumbe asiyejitokeza ni kusubiri mvua kwenye anga kavu, na kisicho na jina hakiingii kwenye orodha za spishi za kuhifadhiwa wala kwenye sheria. Wanaongeza kwamba waliochagua njia tofauti wapo: mwaka 2022 wataalamu wa bakteria walizindua SeqCode, kanuni inayokubali jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, kuwa kielelezo.

Mfano huo wa bakteria unanishawishi nusu tu. SeqCode inadai jenomu iliyo karibu kukamilika. Katika udongo, kinachosomwa zaidi ni kipande kimoja kiitwacho ITS, chenye herufi mia tano hadi mia saba hivi, wakati jenomu ya uyoga ina makumi ya mamilioni. ITS ilikubaliwa mwaka 2012 kuwa alama ya utambulisho wa kuvu, na kwa kazi hiyo inafaa sana. Ila kuna jenasi, Fusarium mojawapo, ambamo spishi tofauti zina ITS zinazofanana mno. Na kuvu moja hubeba nakala nyingi za kipande hicho, ambazo si lazima zilingane. Vilevile mashine ya kunakili DNA inaweza kuunganisha nusu ya kiumbe huyu na nusu ya yule, ikazaa mfuatano wa kiumbe asiyekuwepo popote duniani. Pasipo kielelezo, ni nani atakayegundua kosa hilo? Utafiti wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba huenda hadi moja ya tano ya mifuatano ya kuvu katika hifadhi za umma ilikuwa na utambulisho usioaminika.

Hata hivyo makosa hupungua teknolojia inapokua. Kinachonifanya niegemee upande wa kielelezo ni swali la mageuko. Elias Fries, mtaalamu wa kuvu wa Sweden, alipoandika mfumo wake kuanzia mwaka 1821 alipanga uyoga kwa umbo na rangi ya spora (vumbi la uzazi la uyoga), na watu wakamfuata kwa zaidi ya karne moja. DNA ikaja kufumua mafundo. Uyoga wa jenasi ya Coprinus, ambao wengi wao huyeyuka na kuwa wino mweusi, ulidhaniwa kuwa ukoo mmoja. Mwaka 2001 jenasi hiyo ilivunjwa, kwa kuwa Coprinus comatus alibainika kuwa ndugu wa Agaricus, jenasi ya uyoga wa kawaida wa dukani, na wengine wakapelekwa kwenye familia nyingine kabisa. Kuyeyuka kulikuwa kumezuka zaidi ya mara moja.

Sasa itazame sentensi hiyo ya mwisho. DNA pekee isingeweza kuizaa, kwa sababu ilihitajika miti ya ukoo na pia uyoga wenyewe ukiyeyuka mbele ya macho ya mtu. Ndivyo ilivyo kwa utafiti mkubwa wa mwaka 2019 uliochambua spishi 5,284 za uyoga na kuona kwamba koo zenye kofia na shina zimechipua spishi mpya kwa kasi zaidi. Mfuatano usio na mwili, ukiuingiza kwenye jedwali kama hilo, unaacha safu ya umbo tupu. Sumu nayo ni hivyohivyo. Amatoksini, ile inayoharibu ini, imo katika jenasi za Amanita, Galerina na Lepiota, ambazo si ndugu wa karibu, na ushahidi unaelekeza kwamba jeni zake zilihama kutoka ukoo hadi ukoo. ITS haisemi lolote kuhusu jambo hilo. Kinachosema ni tishu, kwa mtu atakayerudi kwenye kabati miaka 50 baadaye na kifaa ambacho leo hakijabuniwa.

Lakini siwezi kuwapuuza wa upande wa pili, kwa sababu ya kuvu za udongoni ziitwazo Archaeorhizomyces. Kundi hilo lilijulikana kwa miaka kadhaa kama mifuatano ya udongoni tu. Mwaka 2011 Anna Rosling na wenzake waliotesha moja yake kutoka kwenye mizizi ya miti Sweden, na ikawa ngeli mpya nzima (ngazi ya uainishaji iliyo juu ya familia), iliyochepuka mapema katika ukoo wa askomaiseti, mojawapo ya makundi makubwa ya kuvu. Mti wa mageuko uliochorwa bila kundi hilo ulikuwa na pengo kwenye shina. Wapinzani husema, mnaona, subira ililipa. Mimi naona pia kwamba Rosling asingejua cha kutafuta kama mifuatano ile isingekuwa imeandikwa na kufuatiliwa.

Kazi hiyo ya kufuatilia inaweza kufanywa bila jina rasmi. Hifadhidata ya UNITE hukusanya mifuatano inayofanana na kuipa kila kundi namba ya kudumu, ambayo mtafiti wa nchi yoyote anaweza kuitaja. Namba kama hizo ziingizwe kwenye orodha za uhifadhi na zipewe hadhi kisheria, na hoja kubwa ya wanaotaka majina ya haraka itakuwa imejibiwa. Panapotakiwa jina kamili, ningeridhia kielelezo kipanuliwe hadi DNA yenyewe iliyotolewa na kugandishwa, pamoja na sehemu ya udongo ulikotoka na maelezo kamili ya mahali, ilimradi jenomu isomwe karibu yote. Gharama ya majokofu ya kuhifadhi DNA hiyo kwa miaka mingi ni kubwa. Kabati la uyoga uliokauka linatunzika kwa gharama ndogo zaidi, na pale Kew vielelezo vya namna hiyo ni zaidi ya milioni moja na robo, vingine vikiwa na umri wa karne mbili, na bado vinatoa DNA.