Gazeti la tajiri kwenye meza ya mama ntilie, Taipei

Kila asubuhi kabla ya kazi napita kwa mama ntilie mmoja hapa Taipei, Taiwan, nachukua maziwa ya soya na dan bing, ile chapati laini iliyokunjiwa yai, na mezani hapakosi gazeti la Liberty Times limelowa mafuta mpaka ukurasa wa pili unauona. Bure, ukimaliza unamwachia mwenzio. Bongo mimi nilikuwa wale wa kusimama kibandani mikono nyuma nasoma vichwa vya habari, muuzaji akikohoa nasogea 😀

Siku moja nikamuuliza mama hili gazeti la nani. Hata hakupunguza sauti, akasema la Lin Rong-san, yule tajiri wa majumba, na mzee wa meza ya pili akadakia hilo la kijani, mimi nasoma United Daily News, la bluu. Kijani ni DPP, bluu ni KMT, vyama viwili vikubwa vya siasa hapa, yani rangi huku ni Simba na Yanga.

Huyo Lin alizaliwa 1939, akafariki 2015. Hela ya viwanja na majumba, baadae benki, Union Bank. Gazeti aliingia 1980, enzi za sheria ya kijeshi ambapo leseni mpya hazitoki, ukitaka gazeti unanunua la mtu. Lile zuio likaja kufutwa Januari 1988 na hapo ndo jamaa akamwaga hela, akachezesha wasomaji bahati nasibu ya dhahabu, magazeti makubwa ya zamani yakabaki kushangaa. Na kumbe kisiasa alikua KMT huyo huyo, mbunge, halafu 1992 mpaka 1993 akawa makamu wa rais wa Control Yuan, chombo cha kukagua hesabu na kuwabana viongozi, chukua CAG wetu changanya na Sekretarieti ya Maadili. Tajiri wa viwanja mwenye gazeti anakaa hapo? Kwangu mimi hiyo ni fisi kulinda bucha, sitaki kuwapamba hawa watu. Mpaka leo nikikuta humo habari ya bei za nyumba nakumbuka kwanza familia ya mwenye gazeti inauza nini.

Ila sasa nakumbuka kwa sababu naambiwa waziwazi, ndo tofauti ninayoiona mimi. Kwetu mtu wa biashara, siasa na gazeti kwa pamoja tunae, Mbowe na Tanzania Daima, leseni ikafutwa Juni 2020 ikarudishwa Februari 2022, karibu miaka miwili msomaji hana pa kulisoma wala pa kulipinga. Huku mzee wa bluu hajawahi kuomba gazeti la kijani lifungwe, analisukuma tu pembeni anaweka bakuli lake juu.

Juzi nikamtumia kaka yangu meseji kwenye grupu la familia, nikamuuliza siku hizi gazeti gani la nani huko. Akafuta meseji yake ya kwanza, ya pili ikaja: nipigie.