AC ya zamani Mtwara: itengenezwe au inunuliwe mpya?

Shangazi yangu anakaa Shangani, bahari iko hapo tu, na AC ya chumbani kwake imejazwa gesi mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Kila fundi akija anasema gesi imeisha. Jamani gesi ya AC haiishi kama mafuta ya pikipiki, inazunguka humo humo kwenye paipu miaka yote, ikipungua ujue inavuja. Sasa kaniuliza, mwanangu nitengeneze tena au ninunue mpya?

Wanaosema tengeneza wana hoja kabisa. Feni ya ndani ikipuliza hewa ya kawaida huku kompresa ya nje, ile pampu inayosukuma gesi, haiwaki, mara nyingi ni kapasita tu, kidude cha umeme kinachoisaidia kuwaka, kitu cha bei ndogo, kununua AC nzima kwa ajili hiyo ni kuchoma hela. Na hizi mpya za inveta, kweli zinakula umeme kidogo maana kompresa inapunguza mwendo chumba kikishapoa badala ya kuzima na kuwaka, kwenye LUKU utaona, lakini zina bodi ya umeme ndani ambayo umeme ukipanda na kushuka inaungua, na bodi sio bei rahisi.

Ila hii ya shangazi nilileta fundi mwingine akapaka povu la sabuni kwenye ile mashine ya nje, mapovu yakafumka sehemu nne za koili, yale mapaipu yaliyojikunja yanayopitisha gesi. Nikagusa vile vibati vyembamba vya alumini vikapukutika mkononi kama unga mweupe. Chumvi hiyo! Kwenye kiungio cha paipu ungechomelea ikakaa, lakini koili iliyoliwa hivi ukiziba hapa kesho inatoboka pale. Halafu inatumia R22, gesi inayoharibu ozoni, ambayo kwa Mkataba wa Montreal nchi zinazoendelea zinatakiwa ziwe zimeiondoa karibu yote ifikapo 2030, na R410A, gesi iliyokuja badala yake, huwezi kuitia mle, presha yake kubwa mno.

Kwa hiyo nimemwambia anunue, ila asiifunge ukuta ule ule unaotazama bahari, itaoza vile vile. Ikae upande wa pili, iwe inamwagiwa maji ya bomba kuondoa chumvi. Saa hizi kusi inavuma, feni inamtosha usiku, asijaze gesi tena, asubiri hela ya korosho, na siku ya kufunga ahakikishe fundi anavuta hewa yote iliyomo kwenye paipu kwa pampu kabla ya kufungulia gesi, wengi hapo wanaparuka.