Kisima Kikishindwa Kipimo, Kifungwe?

Pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Chanika na Msongola hadi Pembamnazi kule Kigamboni, ipo mitaa ambayo kwa miaka mingi imeishi kwa maji ya visima virefu: pampu moja, matangi mawili ya plastiki juu ya mnara, na kizimba ambako watu hupanga foleni na ndoo za lita 20. Visima hivi haviko nje ya sheria. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka anayechota maji chini ya ardhi kwa ajili ya kuyauza awe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, ambayo kwa hapa ni Wami/Ruvu, na kiwango cha taifa cha maji ya kunywa, TZS 789, hakiruhusu hata kimelea kimoja cha E. koli, bakteria anayeonyesha kuwa kinyesi kimeingia majini, katika mililita 100. Ubishi unaanza pale kisima kinaposhindwa kipimo hicho.

Wanaotaka kifungwe mara moja wana hoja nzito. Sehemu kubwa ya ardhi ya pwani yetu ni mchanga, na mchanga hupitisha maji ya vyoo vya shimo upesi, hasa masika, wakati maji ya ardhini yanapopanda. Viwanja vikigawanywa vidogo vidogo, umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima, ambao wataalamu wengi huushauri, hubaki kwenye karatasi tu. Tena maji yenye vimelea huwa meupe na matamu kama mengine, kwa hiyo mnunuzi hana namna ya kujikinga kwa macho yake. Aliyeishi jiji hili wakati kipindupindu kilipolipuka Agosti 2015, kisha kikasambaa mikoani, hawezi kuliona suala hili kuwa la makaratasi.

Lakini kufuli la kizimba halizimi kiu. Kesho yake mama aliyezoea kununua hapo atateka maji kwenye kisima kifupi cha jirani kisicho na mfuniko, au atanunua madumu ya mkokoteni ambayo hakuna ajuaye yalijazwa wapi. Ipo pia shida ya kipimo chenyewe: sampuli ya vimelea inatakiwa kuwekwa kwenye ubaridi na kufika maabara ndani ya saa 24, na majibu huchukua siku nyingine. Cheti kinachotolewa kinaeleza hali ya siku moja, na mvua ya wiki inayofuata yaweza kuibadili.

Kwa maoni yangu, kosa la pande zote mbili ni kuyaweka makosa yote ya maji katika kapu moja. Chumvi, ambayo huongezeka karibu na bahari kadiri visima vinavyovutwa kupita kiasi, huharibu ladha na sufuria, lakini si sababu ya kufunga kisima usiku wa manane. Vimelea vinaua haraka, ila pia vinatibika kwa urahisi: tangi la lita 5,000 la maji yasiyo na tope huhitaji gramu 8 hivi za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 ili kupata miligramu 1 kwa lita. Kwa hiyo mwendeshaji angedaiwa kwanza klorini inayopimwa kila siku pale kwenye bomba la mwisho, ambako isipungue miligramu 0.2 kwa lita, na daftari la vipimo hivyo liwe wazi kwa kila mnunuzi. Naliona daftari hilo kuwa na uzito kuliko cheti cha mwaka, kwa sababu linafuata maji hadi kwenye ndoo. Asiyelijaza afungiwe, hapo ukali una haki.

Nitrati, kemikali inayoyeyuka majini, ndiyo inayonitia hofu zaidi. Hutoka vyooni vilevile, klorini haiiondoi, na kuchemsha maji huizidisha kwa kuwa maji hupungua nayo ikabaki. Inapozidi miligramu 50 kwa lita, mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo yumo hatarini, maana damu yake hushindwa kubeba oksijeni. Kisima cha namna hiyo ningekizuia kwa kunywa siku majibu yanapotoka, maji yake yabaki ya kufulia na kudekia, na boza la maji salama liwe limeshafika kizimbani kabla tangazo halijabandikwa.