Baridi Gani ya Tanga Hiyo?

Shangazi alinipigia Jumanne alfajiri. "Babu katutoka." Nilikaa kitandani ghafla, halafu nikakumbuka babu zangu wote wawili walishazikwa zamani. Babu ni kobe. Alikuwa kobe.

"Uzee tu, mwanangu. Kala chumvi nyingi."

Uzee gani? Babu aliingia uani kwa shangazi mimi nikiwa darasa la tano, hajafika hata ukubwa wa kisahani cha chai. Mimi mwenyewe sijafika arobaini. Kwa kobe wa madoa, Babu ndiyo kwanza alikuwa anaanza maisha.

Nimekaa na hasira hii siku nne, leo naitema.

Nilifungua grupu la ukoo la WhatsApp, nikapandisha hadi picha za Idd. Babu huyo hapo, kando ya sinia la pilau, watoto wamemvika kofia ya mjomba. Nikaikuza picha. Puani ana kipovu. Shingo kainyoosha, mdomo wazi. Chini yake mtu kaandika, "Babu anaomba pilau." Shangazi kaandika kwamba hali siku ya nane sasa. Ndipo binamu yangu, bingwa wa kutazama vipindi vya wanyama, akatoa fatwa: "Msimsumbue, huo ni usingizi wa baridi. Kobe hulala miezi."

Baridi. Tanga. Mwezi wa tatu. Sisi tunalala madirisha wazi na feni inazunguka, kumbe kobe mwenzetu yuko kwenye theluji!

Wanaolala hivyo ni kobe wa Ulaya na kwingineko kwenye majira ya baridi ya kweli. Hawa wetu wa madoa hawana usingizi huo. Kobe wetu akisusa chakula wiki nzima katika joto lile, anaumwa. Akiwa na kipovu puani na anahemea mdomo, shaka ya kwanza ni mapafu, na hapo hakuna kungoja, kwa sababu kobe hana kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu, kama chetu cha kumsaidia kukohoa. Uchafu ukishaingia unakaa humohumo. Masika nayo yakashuka, na Babu usiku analala kwenye sakafu ya saruji iliyolowa.

Lawama kidogo nawatwika waliotupeleka Changuu, kile kisiwa cha kobe cha Zanzibar, tukiwa shule. Unapanda mashua, unalisha kobe majani, unaonyeshwa wenye namba za umri mgongoni, unarudi bara na somo moja: kobe ni jiwe, haumwi, hafi. Hata yule Jonathan wa kisiwa cha Saint Helena, anayekadiriwa kuzaliwa 1832, hakuachiwa Mungu tu. Alipopofuka na mdomo wake ukachakaa asiweze kukata nyasi vizuri, daktari wa wanyama wa kisiwa alianza kumlisha matunda na mboga kwa mkono, na mdomo ukarudi makali. Mtu alimtazama, akaona amebadilika.

Basi. Wiki nne za "polepole ndio mwendo", halafu siku moja shangazi akaingiwa na hofu, na mambo yote yakawa ya haraka. Akaitwa bwana mifugo.

Nimtendee haki: alikuja na pikipiki mvua inanyesha, akachukua hela ya mafuta tu. Alimtazama Babu, akasema ana minyoo huyu, akafungua mkoba, akamchoma ivermektini. Dawa ileile ya mbuzi. Kwa mbuzi ni dhahabu, sibishi, hata mimi mbuzi wangu nawachomea hiyo. Kwa kobe ni sumu. Tena imeandikwa tangu 1983, na katika kobe waliojaribiwa, hawa wetu wa madoa ndio walioonekana dhaifu kupita wenzao: walilegea miguu kwa sehemu moja ya nane ya kipimo cha mbuzi, kilo kwa kilo. Moja ya nane! Dawa inawalegeza misuli, miguu kwanza, halafu shingo, halafu ile ya kuvutia pumzi. Kobe anabaki anakutazama tu.

Babu alilegea usiku uleule. Shangazi akafurahi, akaandika kwenye grupu, "Dawa imemtuliza." Siku ya tatu akanipigia.

Sijui hata nimkasirikie nani. Bwana mifugo alisomea ng'ombe, mbuzi na kuku, na wilaya nzima inamngoja yeye. Ila ndugu yangu mwenye sindano, neno "huyu simjui" halina ada. Unalisema, unapiga simu kwa mwenzako anayejua. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), wanafundisha madaktari wa wanyama, huwezi kukosa wa kumuuliza. Na wewe mwenye kobe, kabla sindano haijaingia, uliza jina la dawa. Akikuambia ivermektini, beba kobe wako uondoke. Akinuna anune.

Babu alihitaji nini? Pakavu penye joto usiku na mchana, maana hata dawa sahihi ya mapafu haifanyi kazi vizuri kwenye mwili wa kobe uliopoa. Beseni la maji ya vuguvugu, yasifike kidevuni, dakika ishirini hivi, anywe. Na daktari anayemjua kobe, wiki ile ya kwanza ya kususa, siyo ya tano. Kumkaba umtie uji mdomoni, hapana. Maziwa hapana, mkate hapana, na pilau la Idd ndiyo kabisa. Gamba likibonyea kwa kidole, au upande mmoja wa kichwa ukivimba nyuma ya jicho, safari ni ileile ya kwa daktari. Habari ya kibali siigusi leo; mwenye kobe wa porini bila kibali anajijua, na sheria inamjua zaidi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, na kobe kweli ni mfichaji hodari. Lakini Babu hakuficha. Alipigwa picha.

Sasa lile ambalo nimelizunguka tangu mwanzo. Ile picha ya kofia na kipovu, nilipoiangalia tena, chini yake kuna vikatuni vitatu vya kucheka mpaka machozi. Ni vyangu mimi. Nilikuwa kwenye daladala, nikacheka, nikapita.

Shangazi bado ana mmoja, jike, mdogo. Nimemwambia ampeleke kwa Mangi kila mwanzo wa mwezi akampime kwenye mizani ya sukari, aandike uzito kwenye kalenda ya ukutani, kwa sababu macho yetu yanadanganya na mizani haina undugu. Akipungua wakati hajataga, nipigiwe siku hiyohiyo. Amebisha, ameona aibu kupita barabarani na kobe kwenye kikapu, lakini jana amekwenda. Kilo mbili na robo.

Mangi kamuuliza anauza kilo shilingi ngapi.