Asilimia Arubaini ya Nini?

Novemba haijafika katikati na maduka ya vyombo vya umeme hapa Mombasa, kuanzia Barabara ya Digo mpaka Nyali, yameshatundika mabango. Punguzo asilimia 40. Punguzo asilimia 50. Friji imefungwa utepe mwekundu, kwenye mlango kimebandikwa kikaratasi: 65,000 imepigwa mstari, chini yake 39,000 kwa wino mzito. Mtu anasimama mbele yake, anampigia mkewe simu: "Hapa tunaokoa elfu ishirini na sita!" Maneno hayo yananiuma kila mwaka. Anayeokoa ni yule anayelipa chini ya bei ambayo angelipa kweli, na ile 65,000 mara nyingi imeandikwa asubuhi hiyo hiyo ili ipigwe mstari.

Bei iliyopigwa mstari isikushughulishe. Iliyo na maana ni bei ya duka la pili na la tatu. Nakili namba ya modeli yote, herufi kwa herufi, pamoja na zile mbili tatu za mwisho ambazo watu huziacha. Herufi hizo ndizo zinazotenganisha friji yenye kompresa ya inverta, ile inayopunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka, na isiyo nayo, au ya lita 198 na ya lita 220, huku milango ikifanana kama mapacha. Halafu piga simu maduka matatu, uliza bei ya taslimu ya modeli hiyo hiyo, yenye risiti. Ukikuta kwingine inauzwa 40,000 bila bango lolote, basi punguzo lako ni shilingi 1,000. Ukiweza, piga picha vibandiko vya bei mwezi wa Oktoba, kabla utepe haujaletwa. Na tujue kwamba Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inahesabu kudai unafuu wa bei ambao haupo kuwa ni udanganyifu. Picha ya Oktoba ni ushahidi.

Hayo ya mabango bado ni madogo. Linalonitoa usingizi ni lile karatasi jingine, lililobandikwa pembeni ya 39,000: "Chukua leo kwa 9,000, lipa 150 kwa siku." Lipa mdogo mdogo.

Tuhesabu taratibu, kwa sababu hesabu hii dukani haifanywi. Bei ya taslimu ni 39,000. Umetoa arbuni 9,000, limebaki deni la 30,000. Mkataba ni wa mwaka: shilingi 150 kwa siku, siku 365, ni 54,750. Ongeza arbuni: 63,750. Sasa rudi utazame ile bei iliyopigwa mstari. Ni 65,000. Punguzo lote ulilopewa kwa mkono wa kulia limerudishwa kwa mkono wa kushoto, na aliyelirudisha ni wewe, kila jioni, kwa simu yako mwenyewe.

Muuzaji atakwambia nyongeza ni 24,750 tu kwa mwaka mzima. Mwulize ni nyongeza juu ya deni gani. Deni lilikuwa 30,000, kwa hivyo nyongeza hiyo ni zaidi ya asilimia 82. Tena deni halikukaa 30,000 mwaka wote. Ulikuwa ukilipunguza kila siku, na kwa wastani ulikuwa na nusu yake tu mikononi. Ukikadiria hivyo, riba inakimbilia asilimia 165 kwa mwaka. Wapo watu wanaoogopa kukanyaga benki kwa sababu ya riba ya asilimia 16, na wakaisaini hii wakiwa wamesimama, kalamu ya kuazima, mtoto mkononi.

Ipindue hesabu uione kwa upande mwingine. Shilingi 150 kwa siku inakusanya 30,000 kwa siku 200. Yaani mtu yule yule, kwa nidhamu ile ile ambayo mkataba unamlazimisha, angeweka 150 zake kwenye kibubu au chama, siku ya 200 angeingia dukani na taslimu kamili. Siku 165 zilizobaki analipia kutosubiri. Na mwenye taslimu mkononi ana nguvu ya kupatana bei. Mwenye mkataba hana.

Kama kusubiri hakuwezekani, tazama Sacco kwanza. Mkopo wa 30,000 kwa asilimia 1 kwa mwezi, kwa salio linalopungua, unalipwa kama 2,666 kila mwezi kwa miezi 12. Jumla haifiki 32,000. Riba yake ni chini ya 2,000, na ile ya dukani ni 24,750. Friji ni hiyo hiyo.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba yupo mtu ambaye mkataba huu unamfaa. Ni yule anayeifanyisha friji kazi. Mama wa Majengo anayeuza mabarafu ya ukwaju na maji baridi, au muuza samaki ambaye shehena ya jioni humwozea, akiwa na hakika kwamba friji itamwingizia zaidi ya 150 kwa siku baada ya kutoa stima, basi kusubiri siku 200 ni hasara kwake. Lakini aandike hesabu hiyo kwenye karatasi kabla ya kusaini, asiibebe kichwani. Na asome kipengele cha kuchelewa: siku moja usipolipa kunatozwa nini, na baada ya siku ngapi wanakuja kuichukua. Mkataba ukiwa chini ya sheria ya kukodi na kununua, Sura ya 507 ya sheria za Kenya, ukishalipa theluthi mbili ya jumla mwenye mali haruhusiwi kuja kuibeba bila kwenda mahakamani. Katika mfano wetu ni 42,500, unayoifikia siku ya 224. Wengi hunyang'anywa baada ya hapo kwa kutojua tu. Kwa hiyo weka kila ujumbe wa malipo, usifute hata mmoja.

Sasa tuiendee friji yenyewe. Kuna kibati au kibandiko ambacho wanunuzi hawakiulizi, na ndicho kinachosema kweli kuliko muuzaji. Kwa kawaida kiko ndani, ubavuni karibu na droo ya mboga, au nyuma juu ya kompresa. Inama ukisome. Tafuta herufi za daraja la hali ya hewa: SN, N, ST au T. SN na N zimetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32. ST inafika 38, T inafika 43. Jiko la Kisauni lenye bati juu, mwezi wa Februari kaskazi ikiwa imekaza na upepo haupiti, linapita 32 kabla ya adhuhuri. Friji ya N ikiwekwa hapo hufanya kazi bila kupumua. Kompresa haizimi, stima inakwenda, na maziwa yanaganda kwa uchachu hivyo hivyo. Fundi ataitwa, atasema gesi imeisha. Gesi haikuisha, friji imepelekwa isikotengenezewa. Kwa Mombasa tafuta T. Ikiwa imeandikwa mfululizo, mathalani SN-T, nayo inafaa, kwa kuwa inafika mpaka mwisho wa T.

Kwenye kibati hicho hicho soma volti. Yetu ni 240, kwa hivyo 220–240V na 50Hz ndiyo unayoitaka. Ukikuta 100V, hiyo ni ya Japani, na bila transfoma itaungua siku ya kwanza. Soma pia gesi. Nyingi za sasa ni R600a, na uzito wake umeandikwa kwa gramu, mara nyingi makumi tu. Gesi hiyo inashika moto. Siku itakapohitaji matengenezo, fundi anayetaka kuijaza gesi nyingine "kwa sababu ndiyo niliyo nayo" mwondoe.

Kuna kibandiko cha pili, kile cha nyota cha EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati, nyota 1 mpaka 5, chenye uniti za umeme inazotumia kwa mwaka. Nyota zilinganishwe kwa friji za ukubwa mmoja. Uniti ndizo za kutilia maanani. Chukua ujumbe wako wa mwisho wa tokeni, pesa ulizolipa uzigawanye kwa uniti ulizopata. Tuseme umepata shilingi 28. Friji ya uniti 440 na ya uniti 240 zinatofautiana uniti 200, yaani 5,600 kwa mwaka, na kwa miaka minane 44,800. Kwa hiyo friji iliyo ghali zaidi kwa elfu nane, yenye uniti chache, imerudisha tofauti yake kabla ya mwaka wa pili kuisha. Na ukiona A+ kwenye friji iliyotoka Ulaya usiichukulie kuwa alama ya juu. Kwenye kipimo cha zamani A+ ilikuwa imeshakuwa ngazi ya chini kabisa iliyoruhusiwa kwa friji mpya, na tangu Machi 2021 wenyewe wamerudi kwenye A mpaka G.

Za mtumba kutoka Uingereza sizikatai. Nyingine zimeundwa imara kuliko mpya za bei poa. Lakini usinunue ambayo haijawashwa saa nzima mbele yako. Geuza uone nyuma. Kwenye kompresa kuna kimrija kifupi cha shaba ambacho kiwandani hufungwa na kuzibwa kabisa. Ukikuta kimewekwa valvu, au kimechomelewa upya na bado kinang'aa, gesi imeshaongezwa. Gesi ya friji haiishi kama ya kupikia, huvuja tu, na palipovuja kama hapakuzibwa utaionja baridi kwa wiki mbili tatu. Funga mlango juu ya noti ya 50, kisha ivute. Ikichomoka bila kushikwa, mpira wa mlango umelegea. Zunguka pande zote nne, hasa chini upande wa bawaba. Angalia na kutu. Hewa yetu ya chumvi hula nondo nyembamba za nyuma na viungo vya mirija, na friji iliyokaa miaka mitatu karibu na bahari, Nyali au Likoni, imechakaa kuliko ya umri huo iliyotoka bara.

Feni na viyoyozi vinunuliwe wakati wa kusi, Juni mpaka Agosti, wakati hakuna anayeviulizia.

Friji ya maonyesho, iliyokaa dukani na kukwaruzwa ubavu, ndiyo punguzo la kweli ninaloliamini, mradi mpira wa mlango ni mzima na waranti inaanza siku uliyonunua wewe. Na hapo kwenye waranti msisitize. "Miaka 10" iliyoandikwa kubwa mlangoni ni ya kompresa peke yake. Gesi, kadi ya umeme iliyo ndani ya friji, mpira, kazi ya fundi na usafiri aghalabu ni mwaka mmoja au miwili. Uliza kituo cha matengenezo kiko wapi, Mombasa au Nairobi, na nani analipia kuipeleka. Uliza kama kutu na umeme kupanda na kushuka vimetolewa kwenye waranti. Mara nyingi vimetolewa, na kwa hapa petu hayo ndiyo magonjwa makubwa mawili. Basi kwenye bei ya friji ongeza kabisa ya kinga ya umeme, ile inayokata na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Kule kusubiri ndiko dawa yenyewe: kompresa ikiwashwa papo hapo baada ya stima kukatika, inaanza ikisukuma shinikizo ambalo halijatulia, na ndipo inapoungua.

Muuzaji akikwambia "hii bei ni bila risiti," jibu ni moja: hapana, ndugu yangu. Bila risiti yenye namba ya friji yenyewe huna waranti, huna pa kusimama. Ukiwa nayo, na duka likakugeuka, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili.

Limebaki la kuifikisha. Usafiri wa bure mara nyingi mwisho wake ni kisiwani. Ukivuka Likoni au ukienda Mtwapa kuna nyongeza, na ghorofa ya tatu ina nyongeza yake. Iandikwe kwenye risiti. Pima upana wa mlango na kona ya ngazi kabla hujalipa. Nyumba za Mji wa Kale zimesharudisha friji nyingi dukani. Kabla haijapakiwa, ifunguliwe boksi na ichomekwe papo hapo dukani. Sikiliza kompresa ikianza, subiri dakika 20, gusa kuta za friza ndani uone kama zimeanza baridi. Ubavu ukipata joto usishtuke, mirija ya kutolea joto siku hizi hufichwa humo. Njiani isimame wima, ifungwe kamba, hata kama mwenye mkokoteni anasema kulala haidhuru. Kulala kunapeleka mafuta ya kompresa kwenye mirija. Ikishalazwa, hata kwa safari ya Mwembe Tayari mpaka Tudor, isimamishe nyumbani na uiache siku nzima kabla ya kuiwasha. Iache ipumue, sentimita 10 kutoka ukutani. Ichomeke kwenye soketi ya ukutani, siyo kwenye ekstensheni, na usiijaze vyakula mpaka kesho yake.