Miaka saba isiyo na bingwa

Katika orodha rasmi ya mabingwa wa Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za kila mwaka nchini Ufaransa, baada ya jina la Marco Pantani la mwaka 1998 hakuna jina jingine mpaka la Óscar Pereiro la mwaka 2006. Miaka 7 iliyo katikati imeachwa wazi tangu Oktoba 2012, Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli (UCI) lilipoidhinisha uamuzi wa shirika la Marekani la kupambana na dawa haramu michezoni (USADA) wa kumvua Lance Armstrong, Mmarekani aliyeshinda miaka hiyo yote, mataji yake yote kwa kutumia dawa, na siku chache baadaye likaamua kwamba mataji hayo hayatarithiwa na mtu yeyote. Kabla ya hapo ni vita viwili vya dunia tu vilivyokuwa vimeacha mapengo katika orodha hiyo, lakini miaka ile ya vita mbio hazikufanyika. Hizi za Armstrong zilifanyika, na kila Julai kuna mtu aliyefika Paris akiwa na jezi ya njano ya mshindi mgongoni.

Wanaoupinga uamuzi huo hawana hoja nyepesi. Mwaka 1904, mbio zikiwa katika mwaka wake wa pili tu, Maurice Garin na watatu waliomfuata walifutiwa matokeo kwa udanganyifu, na taji akapewa Henri Cornet, kijana wa miaka 19 aliyekuwa amemaliza wa tano (ambaye naye, tusisahau, alikuwa ameonywa kwa kubebwa na gari njiani). Pereiro mwenyewe alipata taji la 2006 baada ya Floyd Landis kuvuliwa, na Andy Schleck akapata la 2010 lililokuwa la Alberto Contador. Upo pia mfano ambao msomaji wa Kenya anaufahamu vizuri: Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alimaliza wa pili katika Vuelta a España, mbio za baiskeli za Uhispania, ya 2011, akatangazwa mshindi mwaka 2019 Juan José Cobo alipopokonywa ushindi. Ikiwa Froome alistahili kupewa haki yake baada ya miaka minane, kwa nini wale waliomfuata Armstrong wanyimwe yao?

Wapinzani hao huongeza kwamba Bjarne Riis alikiri mwaka 2007 kuwa alitumia EPO, dawa haramu inayoongeza chembe nyekundu za damu, alipotwaa taji la 1996, na bado jina lake limo. Maelezo yaliyotolewa ni ya kisheria: ukomo wa miaka 8 wa kuadhibu kosa ulikuwa umepita, ilhali kwa Armstrong ukomo huohuo uliwekwa kando kwa kuwa aliuficha ukweli kwa ulaghai. Maelezo hayo yanaeleweka, lakini sioni kwamba yanamridhisha mtu anayeisoma orodha kwa macho ya kawaida.

Hata hivyo, anayedai mataji yagawiwe upya inampasa aishuke ngazi ya matokeo mwenyewe, hatua kwa hatua. Wa pili mwaka 1999 alikuwa Alex Zülle, ambaye mwaka uliotangulia alikiri kutumia EPO katika kashfa ya timu ya Festina. Wa pili mwaka 2000, 2001 na 2003 alikuwa Jan Ullrich, aliyetiwa hatiani na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo mwezi Februari 2012. Wa pili mwaka 2005 alikuwa Ivan Basso, aliyefungiwa miaka miwili mwaka 2007. USADA ilipopiga hesabu ilikuta kwamba, katika nafasi 21 za jukwaani (tatu za kwanza kila mwaka) za miaka ile 7, nafasi 20 zilishikwa na watu ambao kwa kukiri kwao, kwa adhabu, kwa uchunguzi wa hadharani au kwa vipimo vya damu vilivyovuka kiwango, walihusishwa na uwezekano mkubwa wa kutumia dawa.

Takwimu hiyo hunukuliwa haraka mno, na yafaa isomwe polepole. Kuhusishwa si kutiwa hatiani, na wengine walihusishwa kwa mambo yaliyotokea katika miaka tofauti na ile waliyopanda jukwaani. Aliyebaki nje ya hesabu ni Fernando Escartín wa Uhispania, wa tatu mwaka 1999. Je, apewe taji la mwaka ule? Sina neno lolote dhidi yake, lakini takwimu inahusu jukwaa tu; haisemi chochote juu ya wa nne, wa kumi au wa hamsini, na hakuna kipimo kinachoweza kurudi nyuma kikatuonyesha nani angetangulia kama wote wangepanda milima ile kwa nguvu zao wenyewe.

Tena wapo walioumizwa ambao hawamo kabisa katika matokeo. Christophe Bassons, Mfaransa aliyezungumza waziwazi juu ya dawa wakati wa mbio za 1999, alisogelewa na Armstrong njiani kuelekea mlima wa Alpe d'Huez akaambiwa aondoke, na kweli aliondoka kabla ya kufika Paris. Kugawa mataji upya kusingempa chochote. Kungemzawadia aliyemkaribia zaidi mdanganyifu, na katika miaka ile kumkaribia kulikuwa na bei yake.

Hoja ninayoiona nzito zaidi dhidi ya pengo hili ni kwamba linamwacha mtu mmoja akibeba lawama za mfumo mzima, huku UCI, iliyokuwa imepokea kutoka kwa Armstrong michango inayozidi dola 100,000, ikijitokeza kama msafishaji. Ni kweli, lakini kuandika jina jingine juu ya pengo kungelificha hilo hata zaidi.

Mwaka 2013, Froome huyohuyo alipolitwaa taji katika toleo la 100, matoleo yale 7 yalikuwa yamehesabiwa ndani ya mia hiyo. Ullrich bado ameandikwa wa pili mwaka 2000, 2001 na 2003, na juu yake hakuna mtu.