Vitambaa vya Makochi: Barazani au Kwenye Simu?

Mama zetu wanaofuma vitambaa vya makochi, kuanzia Mikindani hadi Lindi, wana lawama moja kwa mabinti wanaojifunza kwa simu: uzi unalegea, pembe hazikai, mkono hauna subira. Lawama hiyo ina uzito. Simu haikushiki kidole ikakwambia umekaza mno. Ukikosea mstari wa tatu, yenyewe inaendelea kukuonyesha wa kumi. Anayekaa barazani na shangazi yake hufumuliwa kazi mara tano, na ya sita inanyooka.

Lakini tunaihukumu simu kwa video peke yake, tena video ndiyo inayomaliza bando. Hazina yenyewe ni mchoro wa alama, yaani ramani ya kazi ambamo kila alama ni fundo moja, na huo hausemwi.

Maelekezo mengi ya maneno mtandaoni ni ya Kiingereza, na Kiingereza chenyewe hakikubaliani. Mwingereza akiandika "dabo kroshe" anataka fundo fupi: ingiza sindano, vuta uzi, funga. Kwa Mmarekani jina hilohilo ni fundo refu, la kuzungusha uzi kwanza ndipo uingize sindano. Kuanza mstari mpya, fupi hupandiwa kwa kinyororo 1, yaani kitanzi kimoja cha uzi, refu kwa vinyororo 3. Binti akichanganya, mraba unakuwa mstatili, uzi unamwishia njiani, kisha anaambiwa mtandao umempoteza. Kilichompoteza ni neno moja, na wengi wameacha kufuma kwa kosa hilo wakidhani hawana kipaji. Hilo linaniuma.

Mchoro hauna mtego huo. Kinyororo ni kiduara kilichobanwa. Fundo fupi ni msalaba mdogo. Fundo refu ni herufi T yenye mkato 1. Mikato ikiwa 2, zungusha uzi mara 2. Japani imeziingiza alama za ufumaji katika viwango vyake vya taifa, kwa hiyo mfumaji wa Newala asiyejua hata herufi moja ya Kijapani anaweza kulifuma ua lililochorwa Tokyo.

Na michoro ipo. Ravelry, tovuti ya wafumaji iliyoanza mwaka 2007 huko Marekani, inakuruhusu kuchuja kazi za bure zenye mchoro. Tovuti ya Antique Pattern Library inatoa bure vitabu vya kale vya ufumaji, na Craft Yarn Council, chama cha kampuni za nyuzi cha Marekani, wameweka orodha ya alama pamoja na madaraja ya unene wa uzi, kuanzia 0. Uzi mwembamba wa pamba wa vitambaa vyetu uko kwenye hiyo 0. Sufu nene za baridi ya Ulaya tuwaachie wenyewe, joto la Mtwara halizitaki.

Ukurasa mmoja ukishapakuliwa hauli bando tena, na ukichapishwa dukani unafika hata kwa asiye na simu. Niliupeleka mmoja kwa shangazi yangu, ua la petali nane. Nilimweleza alama nne tu. Akaufuata kwa ncha ya sindano, kimya, akihesabu. Alipofika kwenye pembe akasimama: "Hapa patavuta. Ongeza vinyororo viwili." Tukaongeza, na kitambaa kikalala sawasawa mezani.